Dawati la Nyuma

Juzi nilikuwa mjini Mtwara kwenye kikao cha kupanga ulezi wa walimu wapya, nikaletewa fomu nisaini. Ilisema kwamba mimi, mwalimu mlezi, nimekaa darasani na mwalimu wangu mpya mara nne. Sijakaa naye hata mara moja. Ofisa aliyekuwa akizigawa akaniambia, "Mwalimu, saini tu, ripoti inatakiwa leo." Wenzangu walikuwa wanasaini huku wanatafuna sambusa. Nilichefuka, rafiki yangu, na papo hapo nikaikumbuka Kitaya, kijiji nilichosomea shule ya msingi.

Nilikuwa darasa la nne. Ulikuwa msimu wa korosho, mabibo yaliyooza yananuka mpaka darasani, nasi tunakuja shule vidole vinanata. Tukaletewa mwalimu mpya wa hesabu, kijana mwembamba, anaandika ametupa mgongo na kufuta kabla hatujanakili. Mwalimu wetu wa zamani, mama aliyewafundisha hata wazazi wetu, hakumsema. Alikunja kanga, akaitandika kwenye dawati la nyuma, akabana magoti yake humo pamoja nasi. Alikaa muhula mzima.

Wala hakukaa kumkagua. Somo likitushinda, sisi tukainamisha vichwa kwa woga, yeye ndiye alinyoosha mkono. "Mwalimu, mimi sijaelewa." Basi kijana wa watu ataanza upya, atachora mhogo ubaoni, ataukata mafungu. Tulijua mama yule anaelewa vizuri sana. Jioni kijana alikula nyumbani kwa mama yule ugali wa mhogo na kisamvu cha nazi, na sisi tuliompelekea maji ya mtoni tuliwasikia wakibishana na kucheka juu ya somo la kesho.

Muhula uliofuata, siku ya kwanza, dawati lile likawa tupu. Kijana alilitazama kidogo, kisha akatuuliza mwenyewe nani hajaelewa. Mikono ikainuka, na wangu ukiwemo.

Sasa mimi ndiye mwenye umri wa mama yule. Mwalimu wangu mpya ni binti aliyetoka chuo majuzi, kapewa darasa lililofurika watoto. Kabla ya kikao nilimkuta nyuma ya choo cha shule akijifuta machozi kwa mtandio, akaniambia akipata hata kazi ya kuuza duka anaacha ualimu. Nilimpa pole, nikaenda zangu kujaza ripoti.

Na ile fomu niliisaini. Kinyaa nilichowaonea wenzangu kilinigeukia, nikajinukia mwenyewe njia nzima ya kurudi.

Darasa letu la Kitaya lilibomolewa, dawati nalo nadhani liliishia jikoni. Hayo siyalilii. Ninayemlilia ni mtu mzima yule ambaye hakuona haya kuonekana hajui, ili mwenzake ajue.

Asubuhi iliyofuata binti alinisubiri mlangoni pa ofisi, daftari la maandalio kifuani.

"Shikamoo mwalimu. Kule mjini wamesema utaanza lini kuja darasani kwangu?"

Kwenye karatasi nilikuwa nimeshamaliza.