Kamba ya Lifti ya Kazi

Baba mkwe wangu alikuwa mtu mpole, hana makuu, isipokuwa likitajwa lile sanduku lake. Katika safari zake za biashara aliwahi kufika Bombei, na huko aliona jengo lenye lifti mbili. Ya mbele ilikuwa na kioo na kiti, ya mabwana na wageni. Ya nyuma ilikuwa ya kazi: inapandisha chakula, inashusha nguo chafu, na watumishi wanapita humo humo ili wageni wasikutane nao. Aliporudi Unguja akamwita seremala, wakatoboa dari za nyumba yetu ya Mji Mkongwe na kutundika sanduku la mbao kwa kapi na kamba. Lifti ya mbele hakuihitaji, wageni wake walikuwa na miguu. Hii akaiita lifti ya kazi, na sharti lake lilikuwa moja: haipandi mtu.

Jiko letu lilikuwa juu kabisa. Chini ghala, katikati sebule ya wanaume, juu sisi wanawake na moshi wetu. Makaa, maji, mchele, vyote vilipanda kwa kamba. Aliyevuta alikuwa mchukuzi mmoja mzee, mkaazi wa Mlandege. Ili apate nguvu alitanguliza mguu mmoja ndani ya shimo, chini ya sanduku lenyewe. Juu nilikuwapo mimi kupokea, bi harusi wa miezi minne niliyeletwa kutoka Bwejuu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini.

Sauti ya bi harusi haitakiwi kusikiwa na wanaume, kwa hiyo nilipewa mwiko wa kupikia, niongee kwa kugonga. Nikigonga ubao mara moja, simamisha. Mara mbili, shusha. Uso wa yule mzee sikuwahi kuuona. Nikichungulia nilikuwa naona kofia yake tu.

Sasa, sisi watu wa Bwejuu tuna elimu moja ambayo mjini hawana. Mama alinilea katika makumbi ya nazi: tunayafukia pwani miezi na miezi, tunayafukua yakinuka, tunayaponda, tunasokota kamba. Tangu mdogo nilijua kuifunua kamba kwa vidole nikaitazama ndani, maana kamba huanza kuoza ndani. Siku moja, nikitoa mchele, vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kwenye kamba ya lifti, karibu na fundo. Nikaifunua. Likatoka vumbi.

Niliogopa palepale. Nilijua mguu wa nani uko chini. Lakini nimwambie nani? Baba mkwe sikuwa nimewahi kumtamkia hata neno moja; nikimsikia anapanda ngazi najifunika mtandio nakimbilia chumbani. Ndiyo adabu, na mimi adabu nilikuwa nayo hadi ya kugawa. Nikamwambia mama mkwe. Alikuwa akichagua mchele, hakuinua macho.

"Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa," alisema. "Hiyo imeanza kazi we hujazaliwa. Hapa mjini, mwanangu, kamba twanunua, hatuzifukui."

Nikacheka naye, mjinga mimi. Mume wangu aliporudi kazini nikamwambia na yeye. "Ntamwambia baba," akajibu. Kila nilipomuuliza, baba leo kachoka, baba leo ana watu.

Nikaishi hivyo mwezi mzima. Kila gunia likianza kupanda nilisoma Ayatul Kursiy, na likifika nilitua pumzi kama niliyelibeba mwenyewe. Pale palipooza nilipafunga kitambaa cha kanga. Haikuwa dawa, nilichoka kupatazama.

Ijumaa moja baba mkwe alikuwa na wageni baada ya sala, sebule imejaa. Tuliagiza magunia mawili ya makaa. La kwanza lilifika. La pili lilikuwa limebakisha dhiraa moja nilipoisikia ile sauti ambayo kwetu kila mtoto anaijua, nyuzi zinaachana mojamoja. Nikagonga mara moja. Sanduku likasimama. Nikabaki nimeinua mwiko. Mara mbili ni shusha. Na toka, jiokoe, ni mara ngapi? Hatukuwahi kupanga.

Nikautupa mwiko. "Babu, toka! Toka, kamba inakatika!"

Kofia niliyoiona pembeni mwa sanduku haikuondoka. Iliinama nyuma, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake, ndevu nyeupe na macho yaliyoshangaa. Tangu nifike alikuwa hajapata kusikia sauti ya mwanamke humo shimoni, akainua uso amjue ni nani. Alitazama muda wa pumzi moja tu. Kisha akaruka, na sanduku likaja. Mwili ulitoka, mguu ukachelewa.

Kutoka sebuleni zikaanza mbio za ngazini. Mama mkwe alinishika mkono, akaninong'oneza, "Sauti yako imefika kwa wanaume." Hasira niliyoipata pale haijanitoka mpaka leo, na nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Baba mkwe alimpeleka mzee hospitali yeye mwenyewe, na shimo likazibwa kwa mbao. Tangu siku hiyo makaa yalipanda kwa ngazi, yakipita mbele ya wageni.

Baada ya wiki saba niliomba ruhusa, nikapika mkate wa kumimina, nikaenda Mlandege na wifi yangu. Mzee alikuwa barazani kwake. Mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akainua uso. "Ndo sauti yenyewe."

Nililia kabla sijakaa. "Nliiona ile kamba, babu," nikamwambia. "Mwezi mzima nliiona. Nkaona haya kwa wakwe."

Hakuhamaki. Alisema hata yeye vumbi lilikuwa likimwangukia kofiani, lakini akajua huko juu kuna wenyewe, wanaona. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Mbona hukugonga siku zote hizo? Ungegonga ovyo, mwanangu, mara kumi, mara ishirini. Ngetoka nje nkauliza kuna nini."

Mwiko nilikuwa nao mkononi kila siku.