Ncha ya Kamba ya Nei Rakentai

Kusokota kamba ni kazi ya watu wawili: mmoja asokote, mwingine ashike ncha. Nei Rakentai alikuwa na nguzo. Tangu amzike mumewe, ncha aliifunga kwenye nguzo ya kibanda chake, akarudi nyuma taratibu akisokota, na nguzo haikumwambia hata siku moja, "Umechoka, kaa."

Watu wa kisiwa chake, Tabiteuea, walikula nazi zao, makumbi wakayatupa. Yeye aliyaokota. Aliyafukia kwenye matope ya upande wa maji matulivu hadi yakaoza, akayafukua, akayaponda, akaufua usumba, zile nyuzi zake, akauanika na kuusokota. Kwa kamba hizo alisuka deraya, mavazi ya vita ya kukinga mwili, na hapakuwa na mwanamume aliyekwenda kupigana bila kupita kwake kupimwa kifua. Walikuja, wakapimwa, wakachukua, wakaenda. Harufu ya makumbi haikumkaribisha mtu.

Mwaka ule Bakoa, mtoto wa kaka yake, aligombana na watu wa kusini kwa ajili ya uzio wa mawe wa kunasia samaki. Naye akaja.

"Shangazi, usinibane tumbo. Nitakula kwanza ndipo nipigane."

"Na ukimaliza utakula tena. Simama wima."

Kwao, mume akipigana, mkewe husimama nyuma yake akirusha mawe kupitia juu ya kichwa cha mume. Ndiyo maana deraya huinuliwa ukuta kisogoni, jiwe la mke lisije likamwangusha mumewe. Lakini Bakoa hakuwa na mke.

"Nyuma yako atasimama nani?"

"Nani mwingine, shangazi? Si wewe!"

Alisema huku akitafuna tunda la mkadi, akatema nyuzi, akaenda zake. Nei Rakentai alibaki na lile neno kama mtu aliyewekewa mtoto mchanga mikononi.

Akaanza kujizoeza. Alirusha mawe baharini, na mawe yakaanguka karibu, kama yanayoogopa maji. Mkono umezeeka, akajiambia. Basi akaupandisha ukuta wa kisogo juu kuliko alivyowahi kuusuka, na kwa kuwa mapambo ya deraya hutaka nywele, akakata zake mwenyewe, zenye mvi, akazifuma humo.

Bakoa alipokuja kuichukua hakuwa peke yake. Alikuwa ameoa. Bibi arusi, Nei Itirake, aliizunguka deraya akiitazama.

"Shangazi, mbona ukuta mrefu hivi? Wanawake wenzangu watasema mkono wangu haujui kulenga."

"Urefu haudhuru, mwanangu."

"Mimi humpiga ndege angani! Muulize huyu."

Bakoa akacheka. "Mpunguzie, shangazi. Nitaonekana kama kaa aliyebeba mlango."

Nei Rakentai akapangusa mikono yake, ingawa haikuwa na kitu. "Na mimi nisimame wapi siku hiyo?"

Bakoa alimtazama mkewe, kisha akavitazama vidole vya miguu yake. "Wewe pumzika, shangazi. Kazi yako umeshaifanya."

Nei Rakentai akaufumua ukuta, ukabaki mfupi. Kamba ikatoka pamoja na nywele zake, akaizungusha ikawa donge, akaliweka pembeni.

Siku ya vita alibaki nyumbani. Alisikia baragumu la kombe, akasikia makelele, kisha kimya. Alikaa akiitazama njia mpaka jua likalala, ndipo akamwona Itirake anakuja, deraya mgongoni, macho mekundu.

"Mzima?"

"Mzima, shangazi. Wamepatana, samaki watagawana." Itirake akaitua deraya. "Ila ana uvimbe kisogoni kama nazi changa. Hataki kuongea na mimi."

"Wamempiga wa kusini?"

"Wa kusini hawakumgusa." Akainama. "Jiwe ni langu."

Nei Rakentai alitaka kucheka, akataka kulia. Akalichukua lile donge la kamba.

"Kaa. Shika ncha."

Itirake akashika. Walisokota, na yule binti akasema mengi, ya mumewe na ya mama yake, na Nei Rakentai akaitikia tu, kwa kuwa alikuwa amesahau namna ya kuongea mtu anapofanya kazi.

"Nywele hizi za nani, shangazi?"

"Zangu."

Itirake alikitazama kichwa kile kilichokatwa ovyo. Akachukua jino la papa, akakata shungi lake, akampa. Nyeusi ikafumwa na mvi.

Mara sauti ya Bakoa ikaja kutoka njiani. "We Itirake! Mimi nitakula uvimbe?"

Binti akaruka, uso wote ukicheka. Amemsemesha! Akaiweka ncha kwenye kiganja cha shangazi polepole, kama anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Kesho nitakuja, shangazi."

"Haya, mwanangu."

Nyayo zikaisha. Nei Rakentai akakaa kidogo na ncha ile mkononi, kisha akainuka akaifunga kwenye nguzo. Lakini fundo hakulikaza.