Jina la Nusu ya Kijiji

Baba alikuwa na maringo ya jina. Si lile la kuitiwa nyumbani, bali la ukoo, tulilolibeba sote. Alituambia babu wa babu yake alikuja nalo kutoka Kilwa, na kwamba katika pwani yetu ya kaskazini mwa Msumbiji, toka Tungue hadi Quiterajo, mwenye jina hilo ni damu yake, hakuna mwingine. Nami nikawatambia wasichana wenzangu mpaka wakanichoka.

Vita vilipokuja, Wareno walitutoa kijijini wakatukusanya na watu wa kila upande ndani ya uzio wa seng'enge, kijiji kipya walichokiita aldeamentu, ili tusiwapelekee wapiganaji wa uhuru chakula. Kila asubuhi askari alituita ukoo kwa ukoo kuhakikisha hakuna aliyetoroka. Siku ya kwanza alipoita jina letu, nusu ya kijiji iliitika. Waliitika watu wa bara wenye chale usoni, waliitika na Wakristo. Nilimtazama baba. Alisema damu imesambaa. Haikuniingia akilini: mzee mmoja wa Kilwa aliwazaa lini wote wale?

Ndipo kijana wa Diaca, kule bara, alipomposa dada yangu. Alikuwa mpole, mkulima hodari, na dada alimtaka wala hakuficha. Lakini alikuwa na jina letu, naye hakupata kumwona baba yake. Mama alishinda kutwa akitwanga mpunga uliokwisha kutwangika. Jioni akamgeukia baba mbele yetu.

"Umesema mwenyewe mwenye jina hili ni damu yako," alisema. "Na ujanani ulikuwa huishi kwenda Diaca kununua karanga. Sasa niambie, baba watoto, huyu ni mwanao?"

Baba alicheka, kisha akaapa. Mama akamwuliza, kama si mwanawe, jina kalitoa wapi. Hapo baba akainuka akatoka nje, na posa ikasimama. Dada akaacha kula. Mimi nilichanganyikiwa kuliko wote. Asubuhi nilimchukia baba, mchana nikamwonea huruma. Nilimchunguza yule kijana nikaona masikio yake ni kama yangu. Nikamchunguza jirani, naye masikio yake ni kama yangu.

Nadhani ni dada aliyemshinda baba, kwa kule kukaa tu na sahani yake bila kuigusa.

"Si jina letu," baba alisema, macho chini. "Ni la kapatazi, msimamizi wa shamba la mkonge. Babu yenu aliteremka kutoka bara akatiwa kwenye kikosi chake. Serikali ilipotaka kila mtu awe na jina la ukoo, kikosi kizima kiliandikwa kwa jina la yule aliyekuwa akiwachapa. Wa Diaca walikuwa wengi humo."

"Na Kilwa?" niliuliza.

"Kilwa sijafika."

Nilimwuliza, basi la kwetu hasa ni lipi. Hakulijua, babu hakumwambia. Nikamkumbuka babu, ambaye katika uzee wake hakuwa akiitika akiitwa kwa jina la ukoo. Wajukuu tulidhani ni kiziwi. Tulikuwa tukimsogelea na kulipaza sikioni mwake, huku tukicheka.

Dada aliolewa. Nilicheza ngoma na nililia, na hadi leo sijui nililia nini. Nilitaka kulitupa lile jina, lakini sikuwa na jingine la kuweka mahali pake.

Asubuhi iliyofuata askari alituita. Nusu ya kijiji iliitika, dada akiwa kando ya mumewe, sauti yake juu kuliko zote. Baba hakuitika. Askari akarudia, akamsogelea. Baba alikuwa akitazama mbele tu.

Mama akaitika badala yake, akamwambia askari kwamba mumewe ni kiziwi.