Uyoga wa Kando ya Josho

Kwetu karibu na Matete, mtu akijua kichuguu kinachotoa uyoga hamwambii mwingine, hata mumewe. Changu kilikuwa kando ya josho la zamani, pale mzungu mwenye shamba alipoogeshea ng'ombe wake kabla sisi hatujagawiwa ardhi. Nilikagua kama wadudu wameutoboa uyoga. Wakiula wao, na sisi tunaula. Ndivyo nilivyofundishwa. Misimu mitatu nilichuma hapo.

Mwaka ninaoandika habari zake, miaka ya tisini, nilikuwa na mimba ya miezi saba. Shemeji yangu, aliyekuwa akiwabebea watafiti mizigo msituni Isecheno, alikuja kututembelea. Tukila ugali kwa uyoga, akasema wale watu walimweleza kwamba uyoga hunyonya sumu ya udongoni, hata ile aseniki iliyotiwa kwenye majosho zamani kuua kupe, na ukiupika haitoki. Nisimsingizie: alisema pia kuna aina ya aseniki isiyodhuru sana, na bila kupima hakuna anayejua. Lakini mimi nilibaki na neno josho tu. Nikarudisha tonge sahanini. Mume wangu akauliza nilichuma wapi. Nikasema mtoni.

Siku tatu nilisikiliza mtoto akicheza tumboni, na kila akitulia nilibonyeza tumbo hadi asogee. Labda ni woga wangu tu, mimi sikusoma sana. Nikanyamaza.

Siku ya nne nilimkuta mama mkwe akifunga uyoga mkavu ampelekee binti yake aliyejifungua juzi. Nikaona nikinyamaza na hapo, kosa si la kutojua tena.

"Mama, usipeleke. Ule niliokuletea niliutoa kando ya josho."

Akaacha kamba. "Wako tulishamaliza. Huu nilichuma mwenyewe."

"Wapi, mama?"

Aliangalia mlangoni kwanza. "Hapo hapo. Nilikuwa nakutanga mashina yamekatwa, nikawa namlaumu jirani bure."

Basi tulikuwa tumekula maradufu, wake na wangu, nyumba zote mbili, kila mmoja akimficha mwenzake. Tuliumwaga wote chooni. Hakunigombeza, ingawa alikuwa na haki.

Kisha akaweka mkono juu ya tumbo langu, tukangoja. Mtoto alikawia sana ndipo akasukuma, mara moja tu. Mama hakuondoa mkono.