Saa Mbili Hadi Bukoba

Juzi, alasiri imekaribia, nilikuwa kwa wakala wa tiketi pale Kibiti. Mama mmoja akaingia, kashika simu kwa mikono miwili.

“Mwanangu, Dar hadi Bukoba ndege inachukua muda gani?”

“Kama saa mbili, mama. Ila ya leo imeshaondoka.”

Akakaa kwenye benchi, akaweka simu sikioni. “Mzikeni binti yangu, msimcheleweshe kwa ajili yangu. Ila simu msikate, niisikie dua.”

Wakala akazima feni. Dua ilipoanza, sote tukainua mikono.

Tunajisifu kuwa ndege zimeifanya nchi ndogo. Siku ile niliiona bado kubwa.

Mama akajifuta uso kwa khanga. “Basi nikatie ya kesho,” akasema. “Walau nilione kaburi.”