Aliyekuwepo na Kuridhia

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikisomea shahada ya uzamili, wenzangu walinichagua niwawakilishe kwenye kamati ya masomo ya juu. Kwetu Mukurweini wakasema nimefika, nakaa meza moja na maprofesa. Meza nilikaa kweli, mpaka chai ilipoisha. Kila lilipofika jambo la kutuhusu wanafunzi, mwenyekiti alinionyesha mlango kwa kalamu, nikasubiri nje kwenye benchi.

Siku moja, mimi nikiwa kwenye benchi hilo, waliamua tasnifu zote zilizochelewa zifutwe. Zilichelewa kwa sababu ya mgomo. Chuo kilifungwa, na wasimamizi wetu hawakuonekana. Yangu ilikuwemo. Hilo ningelimeza. Lililonikwama ni kumbukumbu za mkutano zilipobandikwa ubaoni: mwakilishi wa wanafunzi alikuwepo, na aliridhia. Rafiki niliyekaa naye chumba kimoja alihama bila kuniaga.

Kwenye mkutano uliofuata walithibitisha kumbukumbu hizo kabla hawajaniita ndani. Nilipoingia nikasema sikuwepo. Mwenyekiti hakuinua hata kichwa.

"Kumbukumbu zimeshathibitishwa," alisema. "Tuendelee."

Nikarudi nyumbani bila shahada. Kiwanda chetu cha kahawa, karibu na Gakindu, kilitaka mtu wa kuiandikia kamati yake kumbukumbu za mikutano, wakanichukua. Muongo ukielekea kuisha, mwenyekiti yule alistaafu akarudi kulima kwao, na kwao kumbe ni ng'ambo ya mto wetu. Watu wa huko walikuwa wamechoka kuvuka na magunia mgongoni, wakitaka kiwanda kidogo upande wao. Wakamtuma msomi wao aje awasemee. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alikuja na koti na tai, hakunitambua. Zamu yake ilipofika, niliikumbusha kamati kwamba ni vizuri mgeni atupishe tujadiliane. Nikamwonyesha mlango kwa kalamu. Kupitia dirishani nilimwona amekaa kwenye benchi, kofia juu ya magoti, na moyo wangu ukafurahi, sifichi. Ombi lilikataliwa. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba mwakilishi wa ng'ambo alikuwepo, na aliridhia. Wajumbe wangu walithibitisha bila kusoma, kama kawaida yao.

Kumbukumbu hizo zilisomwa mbele ya wakulima wote. Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwangu.

"Mama, wewe unajua sikuwa ndani," aliniambia. "Watu wangu hata salamu hawanipi. Kwani nilikukosea nini?"

"Mzee, kumbukumbu zimeshathibitishwa."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena na kunitazama vizuri. Hapo ndipo aliponikumbuka. Hakuomba msamaha, nami sikuwa na haja nao. Alitoka akiacha mlango wazi, nikaenda kuufunga.

Yeye sijamjutia hata siku moja. Lakini kina mama wa ng'ambo waliendelea kuvuka mto, na kila wakifika kiwandani walinisalimu kwa heshima. Mmoja wao, gunia likiwa bado mgongoni, aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Ati huyo mzee alipewa nini huko ndani, ndio akubali?"

Nilimwambia amuulize mwenyewe.