Sarafu Tano za Ihanda

Mzee Ildefonsi Nsanzimana huyeyusha aluminiamu na kusubu sufuria hapa Ihanda, na ni mbishi wa kuzaliwa. Nasema hivyo kwa kumpenda. Siku moja alileta sufuria ya uji shuleni akanikuta nikitazama picha ya sarafu za fedha za Wagiriki wa kale, maana nafundisha historia. Nikamweleza kwamba Agathokle, mfalme wa Baktria, alitoa sarafu zenye sura za wafalme waliomtangulia, na upande wa pili akaweka jina lake.

"Walikuwa babu zake?" akauliza.

"Hakuna mwenye hakika, mzee. Huenda hakuwa na undugu nao hata kidogo."

Alicheka mpaka akakohoa.

Wazazi wake walitoka Rwanda wakiwa wamembeba mgongoni. Kibanja chake, yaani shamba la migomba, alikinunua kikiwa na makaburi matano katikati, na huku kwetu anayenunua kibanja hununua na wafu wake. Huwapalilia, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiiva huwamwagia kidogo. Ildefonsi amefanya hivyo miaka thelathini. Baada ya siku ile aliwauliza wazee majina ya waliolala pale, akasubu sarafu tano za aluminiamu, kila moja kubwa kama kisahani. Mbele jina la marehemu, nyuma maneno "Wakati wa Ildefonsi". Akazisimika makaburini.

Mwezi uliopita Jovitus, mjukuu wa waliouza, alikuja kutoka Bukoba akaziona. Akamwita Rogasian, mwenyekiti wa kitongoji, akitaka zing'olewe. Tulikusanyika palepale.

"Huyu ni mgeni," Jovitus alisema. "Leo anaandika jina lake mgongoni mwa babu zangu, kesho atasema ni wa ukoo wetu!"

Nilichemka. Kijana huyu hajakanyaga hapa tangu ubatizo wake! Lakini Rogasian hapendi ugomvi.

"Mzee, futa jina lako tu. Yao yabaki, yaishe."

"Sifuti."

"Mzee wangu..."

"Sifuti, mwenyekiti. Sikuandika kwamba ni baba zangu. Nimeandika kwamba wakati wangu hawakuota magugu. Ni uongo?" Akachukua jembe, akamnyooshea Jovitus. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nililipokea siku ya kwanza. Haya, mwanangu, palilia wewe mwaka huu, na mwakani, na mwaka utakaofuata. Ukinifikia, nitafuta kwa mkono wangu."

Jovitus alilitazama jembe, kisha viatu vyake. Hakulipokea. Jioni ile alirudi Bukoba, na Rogasian akasema sarafu zibaki zilivyo.

Wiki iliyofuata nilimkuta Ildefonsi akisugua sarafu ya sita. Mbele ilikuwa na jina lake mwenyewe. Nikaigeuza, nyuma hapakuwa na kitu.

"Umesahau, mzee?"

"Sijasahau," alisema akininyang'anya. "Atakayenipalilia ataandika lake. Na asiombe ruhusa kwa mtu."